Neno "cell": kutoka ghala la Warumi hadi mnara wa simu

Swali la msomaji: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza kitabu cha makala za sayansi na habari za dunia. Kila nikifungua ukurasa nakutana na neno "cell", na kila mara limevaa nguo nyingine: kuna "prison cell", "stem cell", "fuel cell", "cell tower", na kwenye makala ya ugaidi kuna "sleeper cell". Mimi niliandika "seli" kote. Mhariri amenirudishia kazi imejaa wino mwekundu. Je, hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno matano yaliyogongana kwa sauti tu? Na kwa nini "seli" isitoshe?

Jibu: Marahaba. Nianze na mhariri wako: ana haki, ila si kwa kila alama ya wino aliyoweka. Yale matano nitayafikia, lakini kwanza tulijue neno lenyewe, maana ukishajua lilikotoka, tafsiri nusu yake imeshafanyika.

Ni neno moja. Wanaisimu hutenganisha mambo mawili ambayo sikioni yanafanana. Chukua "kaa" letu: kaa la moto, kaa wa baharini, na kukaa kitako. Hayo hayana undugu wowote, yamekutana njiani tu, nasi huita hali hiyo homonimia. Sasa chukua "kichwa": kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni. Hapo neno ni lile lile, limetembea. Hiyo ni polisemia. "Cell" iko upande wa kichwa. Tena ni polisemia ya kupendeza, kwa sababu hatua za safari yake zinaonekana, na mara kadhaa tunamjua hata mtu aliyelibeba neno na mwaka alioliweka mahali pengine.

Asili ni Kilatini, cella. Kwa Mrumi wa kale, cella kilikuwa chumba kidogo, hasa cha kuwekea vitu. Ghala la mvinyo lilikuwa cella, ghala la mafuta ya zeituni vilevile. Kijumba alicholala mtumwa nacho ni cella. Na ndani ya hekalu, kile chumba cha ndani kabisa kilichokuwa na sanamu ya mungu, jina lake ni hilo hilo, na wasanifu majengo wanaosoma mahekalu ya kale wanalitumia mpaka leo. Mvinyo, mtumwa na mungu, wote chini ya neno moja. Washairi wa Kirumi walikwisha kulitumia pia kwa vijumba vya sega la nyuki. Virgil ni mmojawapo. Hilo sega uliweke akilini, maana litarudi.

Nyuma ya cella, wataalamu wa lugha za Kihindi-Kiulaya wamejenga upya mzizi wenye maana ya kufunika au kuficha. Watoto wa mzizi huo wametapakaa kwenye Kiingereza bila kujuana: "cellar", chumba cha chini ya nyumba, "conceal", kuficha, "helmet", kofia inayofunika kichwa, hata "hell", ambayo zamani ilikuwa tu mahali palipofichika chini ya ardhi, kabla moto haujaletwa. Kwa upande wa Kigiriki mzizi huo huo umezaa "apocalypse", yaani kufunua kilichofunikwa.

Nikutahadharishe na ndugu wa uongo. "Cello", ala ya muziki, haina uhusiano: ni kipande cha mwisho cha neno la Kiitaliano violoncello, na hicho kipande ni kiambishi tu cha kudogosha. "Sell", kuuza, ni mgeni kabisa. Na kichekesho kikubwa zaidi ni Excel, programu ambayo watu wengi ndimo walimolijua neno "cell" mara ya kwanza. Jina lake linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kupanda juu, kupita wengine. Herufi zile tatu za mwisho zimefanana kwa bahati, hakuna damu.

Sasa wengi wakiulizwa "cell" zote zinafanana kwa nini, hujibu: kwa udogo. Jibu hilo linakaribia tu. Punje ya mchanga ni ndogo na hakuna aliyewahi kuiita "cell". Wakati huohuo, "cell" ya mzunguko wa hewa duniani ina upana wa maelfu ya kilomita. Uzi unaoshona maana zote ni ukuta: nafasi iliyotengwa na nyingine za jirani zinazofanana nayo. Ukikutana na "cell" mahali usipopajua, usiulize ni ndogo kiasi gani. Uliza ukuta uko wapi na jirani ni nani.

Hebu tuifuate njia. Kiingereza kililipokea neno kupitia kanisa. Wakristo waliokimbilia jangwa la Misri tangu karne ya 3 na ya 4 waliishi kila mmoja katika kijumba chake, na inasimuliwa kwamba Abba Musa alipoombwa ushauri na mtawa mmoja, alimwambia aende akakae chumbani mwake, nacho chumba kitamfundisha yote. Walioandika kwa Kilatini wakakiita kijumba hicho cella. Katika Kiingereza cha mwanzo neno lilikuwa na maana ya nyumba ndogo ya watawa iliyo chini ya monasteri kubwa, kisha chumba cha mtawa mmoja.

Kutoka kwa mtawa neno likaenda kwa mfungwa, na hapa watu hudhani ni kwa sababu vyumba vyote viwili ni vidogo na vyenye mlango mzito. Kuna zaidi. Jela za Ulaya za karne ya 18 zilikuwa vyumba vya kurundika watu: mdaiwa, mwizi, mgonjwa na mtoto pamoja. Mwaka 1777 Mwingereza John Howard alichapisha ripoti iliyoanika hali hiyo, na wanamageuzi wakapata wazo ambalo waziwazi lilinuka utawa: mtenge mhalifu peke yake, mpe kimya na kazi ya mikono, naye atatubu. Gereza la Eastern State la Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1829, lilijengwa kwa fikra hiyo. Kila mfungwa na chumba chake, kidirisha kimoja darini cha kuingiza mwanga, na kiua kidogo cha peke yake cha kunyoosha miguu. Akitolewa nje alifunikwa kichwa ili asione mtu wala asionwe. Hata neno "penitentiary" ni la toba. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akatoka ameshtuka, akasema kuichezea akili ya mtu namna ile ni kubaya kuliko kumtesa mwili. Kwa hiyo "prison cell" ni chumba cha mtawa kilichofungwa kwa nje.

Kabla ya kuingia maabara, nikupe kitu kidogo ambacho hunifurahisha kila nikikikumbuka. Tukisema leo "brain cell", tunadhani ni lugha ya biolojia. Kumbe Waingereza wa karne ya 14 walikwisha kutaja "cell" za ubongo, hadubini haijazaliwa. Waganga wa zama zile, wakifuata mafundisho yaliyopitia kwa mabingwa kama Ibn Sina, waliamini ubongo una vyumba: cha mbele cha njozi na taswira, cha kati cha kufikiri, cha nyuma cha kumbukumbu. Vyumba hivyo ndivyo vilivyoitwa "cell". Nadharia ilikufa, maneno yakabaki, kisha yakapata maana nyingine kana kwamba hayajawahi kutumika.

Turudi kwenye sega. Mwaka 1665 Robert Hooke, aliyekuwa msimamizi wa majaribio katika Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini. Kuna ukurasa anaeleza alivyochukua kipande cha lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, akanoa kisu kidogo mpaka kikawa kama wembe, akakata. Uso ulitoka laini, akahisi kuna vitundu lakini hakuwa na hakika. Akakata tena, safari hii utando mwembamba sana, na kwa kuwa gome lilikuwa jeupe akaulaza juu ya kibao cheusi, akaumulikia mwanga kupitia kioo kinene. Hapo akaona: utando wote umetobolewa kama sega la nyuki, vitundu visivyo na mpangilio kamili, kuta zake nyembamba. Akaviita "cell".

Hakuishia kuona, alihesabu. Vitundu 60 vilienea katika sehemu moja ya kumi na nane ya inchi. Basi inchi nzima ni 1,080, inchi ya mraba ni 1,166,400, na inchi moja ya ujazo ni 1,259,712,000. Aliandika kwamba jambo hilo lisingesadikika kama hadubini isingelithibitisha.

Lakini angalia alichokiona hasa. Gome lile lilikuwa limekufa. Kilichokuwa ndani kilikwisha kukauka zamani. Hooke aliona kuta tupu, vyumba vilivyohamwa. Ndiyo maana neno la chumba lilimjia mdomoni. Angeanza kwa kutazama damu, au tope la dimbwi kama alivyofanya Mholanzi Leeuwenhoek miaka michache baadaye akaona vijidudu hai vinaogelea, sidhani kama tungekuwa na neno hili katika biolojia.

Neno likashika, na sayansi ikalikuta limeshakaa. Wajerumani Schleiden, mwaka 1838, na Schwann, mwaka 1839, wakaeleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa hizo "cell". Virchow akaeneza mwaka 1855 kauli kwamba kila moja hutoka kwenye nyingine iliyotangulia. Kadiri walivyozidi kuchungulia, ukuta ulizidi kupoteza umuhimu na kilichomo ndani kikazidi kupanda cheo. Seli za wanyama hazina ule ukuta mgumu wa mimea hata kidogo. Zina utando laini tu. Ilipofika 1861, Max Schultze akaieleza upya: ni bonge dogo la protoplazimu, yaani ute hai, lenye kiini ndani. Yaani ile "cell" ilikuwa imegeuka nje-ndani. Kilichoitwa chumba sasa ni kilichomo chumbani, na chumba chenyewe si lazima kiwepo.

Na hapa, ndugu yangu, ndipo Kiswahili kinapopata bao ambalo hatulisherehekei. Waliosema "chembe hai" hawakuchukua picha ya chumba. Chembe ni punje, kitu kigumu kidogo: chembe ya mtama, chembe ya mchanga. Picha hiyo inamfaa Schultze kuliko Hooke. Seli nyekundu ya damu ya binadamu, kwa mfano, ikikomaa haina ukuta, na hata kiini imeshakitoa. Ukiiita chumba unababaisha, ukiiita chembe unaeleweka. Tatizo la "chembe" liko upande mwingine: wanafizikia nao wanaitaka kwa vitu vya ndani ya atomu, kwa hiyo bila "hai" inateleza. "Seli" haitelezi, lakini haina picha yoyote kwa asiyejua. Mimi hutumia "seli" katika maandishi ya kitaaluma, na "chembe hai" au "chembechembe za damu" ninapomwandikia msomaji wa kawaida. Ugonjwa ambao James Herrick wa Chicago aliueleza kitabibu mwaka 1910, baada ya kuona seli za damu zilizopinda kama mundu, tunao kama "selimundu", na ni neno zuri kupita "sickle cell" la Kiingereza: fupi, lina picha, na mkulima analielewa.

Kutoka hapo hapo likazaliwa tawi la ajabu. Mfaransa Payen alitenga mwaka 1838 dutu inayojenga kuta za mimea, ikaitwa selulosi, kutokana na neno la Kifaransa la "cell" ndogo. Katika selulosi ikatengenezwa seluloidi, plastiki ya kwanza kufanikiwa sokoni, na juu ya karatasi angavu za seluloidi wachora katuni za sinema wakawa wanachora wahusika wao. Karatasi moja waliiita "cel", kwa "l" moja. Kwa hiyo kikaragosi aliyekuwa akirukaruka kwenye sinema za katuni za zamani alichorwa juu ya kitukuu cha ghala la mvinyo.

Umeme. Alessandro Volta alitangaza mwaka 1800 mnara wake wa visahani vya metali mbili vilivyopishana na karatasi nene zilizolowa maji ya chumvi. Mnara huo haukuwa na vyumba. Muda si mrefu mkemia William Cruickshank akaulaza mnara: sanduku refu la mbao, vibamba vya metali vimegandishwa kukata sanduku katika vipande, na kila kipande kimejazwa kimiminika. Hapo vyumba vikaonekana kwa macho, na neno "cell" likawa na pa kukaa.

Watu huchanganya "cell" na "battery", na Kiswahili kimezichanganya rasmi kwa kuita zote betri. "Battery" ni kundi. Neno hilo lilikuwa la jeshi, la mizinga iliyopangwa safu. Benjamin Franklin ndiye aliyeliazima kwa umeme, karibu mwaka 1749, kwa mitungi ya kuhifadhia chaji iliyounganishwa pamoja. Kwa hiyo "cell" ni mzinga mmoja, "battery" ni safu. Ukitaka kuiona tofauti, tazama betri ya gari ya aina ya zamani: juu ina vifuniko sita vya kuongezea maji. Kila kifuniko ni mlango wa "cell" moja yenye volti 2 hivi, na sita zinafanya 12. Betri ya tochi ya volti 1.5, kwa uhalisi, ni "cell" moja tu. Ile ya mstatili ya volti 9 ukiipasua (usiipasue) utakuta ndani vijumba sita vya 1.5. Kwa mazungumzo, "betri" inatosha. Watu wengine husema "mawe ya tochi" na wanaelewana. Kwa kitabu cha fizikia, lazima utofautishe, la sivyo mwanafunzi atasoma kwamba betri imeundwa kwa betri sita.

"Solar cell" ni mjukuu wa hiyo. Ile ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilionyeshwa na Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1954. Haina chumba wala kimiminika, ni kigae chembamba. Jina limerithiwa kwa sababu inatoa umeme na inaungwa kwa safu, kila kimoja kikitoa kama nusu volti. Vile vigae vya buluu iliyokolea ndani ya paneli ndivyo "cell".

Sasa simu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watafsiri wengi wanapoanguka. Simu za redio za kwenye magari zilikuwepo Marekani tangu 1946. Mji mzima ulihudumiwa na mtambo mmoja wenye nguvu, umewekwa juu, na chaneli chache. Chaneli ikishikwa na mtu mmoja, mji mzima umeikosa. Desemba 1947, Douglas Ring wa Bell Labs, akisaidiwa na mwenzake Rae Young, aliandika waraka wa ndani wenye wazo la kinyume: badala ya mtambo mmoja mkubwa, weka mingi midogo yenye nguvu hafifu. Ukate mji vipande. Masafa yanayotumika katika kipande hiki yasitumike katika jirani yake, lakini kipande cha tatu kule mbali kinaweza kuyatumia tena, kwani mawimbi hafifu hayafiki. Chaneli zile zile chache sasa zinahudumia watu wengi mara nyingi zaidi.

Vipande hivyo vichorwe vipi? Mawimbi husambaa kwa duara, lakini maduara yakipangwa huacha mapengo au yanapandana. Kati ya maumbo yenye pande zote sawa na pembe zote sawa, ni matatu tu yanayofunika uso bila pengo: pembetatu, mraba na pembesita. Pembesita ndiyo iliyo karibu zaidi na duara. Wakachora pembesita, na ramani ikatoka kama sega la nyuki. Unaona? Hooke alitazama gome akaona sega; miaka karibu 300 baadaye wahandisi wamechora mji wakapata sega.

Wazo lilisubiri muda mrefu, kwa sababu simu inayosogea lazima ikabidhiwe kutoka kipande kimoja hadi kingine bila mazungumzo kukatika, na kazi hiyo ilihitaji kompyuta ambazo hazikuwepo. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York akapiga simu ya mkononi, na aliyempigia alikuwa mshindani wake wa Bell Labs. Japani ilianza huduma ya biashara mwaka 1979, Chicago mwaka 1983.

Kwa hiyo "cell" katika "cell phone" ni kipande cha ardhi. Simu si "cell". Simu imo ndani ya "cell", na ukisafiri inatoka katika moja inaingia nyingine. Mmarekani anaposema "my cell" anaonyesha kitu kilichomo mfukoni, lakini jina alilotumia ni la eneo alilosimama. Sisi tuliiita kwa mahali inaposhikwa: simu ya mkononi, simu ya kiganjani. Ndiyo maana "simu ya seli" haisemi kitu. Yule msomaji aliyesoma biolojia ataelewa vibaya, na asiyesoma hataelewa kabisa.

Siasa nitapita haraka. Wakomunisti wa Urusi walitumia neno yacheika kwa kikundi cha chini kabisa cha chama, na miaka ya 1920 jumuiya yao ya kimataifa ilivitaka vyama vyote vijipange hivyo viwandani. Yacheika kwa Kirusi ni tundu la wavu, pia tundu la sega. Sega tena. Katika makundi ya siri ukuta una kazi mahsusi: mwanachama anawajua wenzake wachache tu, akikamatwa hana la kutaja zaidi. Tanzania ilipounda utaratibu wa nyumba kumi chini ya TANU, maandishi ya Kiingereza yaliuita "ten-house cell", na Kiswahili cha chama kikaja na "shina". Picha zimepishana kabisa: Kiingereza kinaona vyumba vilivyotengana, Kiswahili kinaona mti unaolishwa kutoka chini.

Wataalamu wa hali ya hewa wanayo "cell" ya Hadley, kutokana na George Hadley aliyeeleza mwaka 1735 pepo za tropiki: hewa inapanda karibu na ikweta, inashuka karibu na nyuzi 30. Ukuta hapo ni wa hewa inayopanda na inayoshuka, hauonekani lakini upo. Kwenye lahajedwali, kama ya Excel, ni kisanduku kinachokutanisha safu mlalo na safu wima. "Seli" imeshazoeleka na sina ugomvi nayo.

Haya, matano yako.

"Prison cell": usiandike seli bila kuwaza msomaji wako yuko wapi. Kenya "seli" ya polisi inaeleweka mara moja, Tanzania wengi husema "selo", na Kiswahili cha zamani kidogo kina "korokoroni". "Chumba cha mahabusu" kinafaa kwa anayesubiri kesi, si kwa aliyekwisha kuhukumiwa, maana mfungwa si mahabusu. Kwa aliyehukumiwa, "chumba cha gerezani" kinatosha na hakina utata. Niliwahi kuhariri tafsiri ya mashine iliyosema mtu amekaa miaka saba "ndani ya chembechembe". Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kuna msomaji ambaye angeipokea hivyo hivyo.

"Cell tower": mnara wa simu, au mnara wa mawasiliano. Basi. Mhariri alikuwa sahihi.

"Sleeper cell": kikundi cha siri kilichojificha kikisubiri amri. Ni maneno mengi, najua. Lakini "seli iliyolala" itampeleka msomaji hospitali.

"Stem cell": hapa mhariri amekosea kukukata. "Seli shina" ni sahihi, na ina hadithi. Neno lilianza kwa Kijerumani, Stammzelle, alilotumia Ernst Haeckel mwaka 1868, na Stamm ndilo shina, shina la mti na pia shina la ukoo. Alitaka kutaja seli ambayo wengine wote ni wazao wake. Kwa hiyo "shina" letu lililosimama badala ya "cell" kwenye chama, kwenye biolojia limesimama kando yake.

Limebaki "fuel cell", ambalo ndilo gumu. Nimeona uliandika "seli ya mafuta", na mhariri ameweka alama ya kuuliza tu, bila kusema kwa nini. Sababu ni mbili. Kwanza, katika biolojia "seli za mafuta" zipo tayari: ni zile zinazohifadhi shahamu mwilini. Pili, kifaa hiki, ambacho William Grove alikionyesha kati ya 1839 na 1842, kwa kawaida hulishwa haidrojeni na oksijeni, kikatoa umeme na maji. Tone la mafuta halimo. Usiiite betri pia, kwa kuwa betri hubeba akiba yake ndani na hiki hulishwa kutoka nje mfululizo, kikikosa haidrojeni kinanyamaza. Mimi ningeandika "seli ya fueli", kisha mara ya kwanza tu inapotokea ningeongeza nusu sentensi: kifaa kinachotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni. Mpelekee mhariri hiyo, na kama ana bora zaidi, naomba uniandikie, kwa maana mwenyewe bado sijaridhika nayo.